Mchango Mmoja Umehesabiwa Mara Tatu

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatunza kumbukumbu za shirika dogo linalochimba visima Moroto na kujenga madarasa Kitgum. Hifadhidata yetu ina jedwali la michango, la miradi, na la mgao linaloonyesha mchango upi ulikwenda kwenye mradi upi. Nilipoandika amri ya SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) ya kujumlisha michango kwa kila wilaya, jumla ilizidi fedha zilizoingia benki, na sasa mhasibu ananitilia shaka. Kosa liko wapi?
Msomaji, Gulu

JIBU: Ndugu msomaji, fedha hizo zimehesabiwa zaidi ya mara moja. Chukua mchango mmoja wa shilingi 600,000 uliogawiwa visima viwili na darasa moja. Katika jedwali la michango una mstari mmoja, lakini katika mgao una mitatu, na unapoyaunganisha majedwali hayo kwa JOIN, kila mstari wa mgao hubeba shilingi 600,000 nzima, hivyo SUM, amri ya kujumlisha, inakurudishia 1,800,000. Wengi hukimbilia kuandika SUM(DISTINCT kiasi). Nakusihi usifanye hivyo, kwa sababu amri hiyo huhesabu mara moja tu viwango vinavyofanana, na akina mama wawili waliotuma 50,000 kila mmoja kwa simu watageuka kuwa mmoja. Dawa ni kuongeza katika mgao safu ya kiasi kilichokwenda kwa kila mradi, kisha kujumlisha safu hiyo kwa GROUP BY wilaya, yaani wilaya kwa wilaya. Jumla ya wilaya zote, pamoja na fedha ambazo hazijagawiwa, ikilingana na taarifa ya benki, mpelekee mhasibu karatasi zote mbili.

Kuna jambo hukuliuliza, nami siwezi kulinyamazia, nalo ni matokeo ya miradi yenyewe. Alama anayoipa kisima msimamizi wake siku ya kukikabidhi haituambii kama pampu ya mkono aina ya U2 bado inatoa maji wakati wa kiangazi, miezi ambayo Karamoja, eneo iliko Moroto, huyahitaji kuliko yote. Fungua jedwali la ukaguzi lenye tarehe na hali ya pampu, kisha, ukianza na jedwali la miradi, uliunganishe nalo kwa LEFT JOIN, ambayo hubakiza kila mradi hata usio na ukaguzi. Ukitumia JOIN ya kawaida, visima ambavyo hakuna aliyevikagua vitatoweka kwenye ripoti, na wastani utapendeza kwa sababu vilivyosahaulika havimo. Sharti la tarehe, kwa mfano ukaguzi wa mwaka huu tu, liandike kwenye ON, sehemu inayosema majedwali yaunganishwe vipi, kwani ukiliweka kwenye WHERE, inayochuja matokeo baadaye, visima hivyo vitatoweka vilevile.

Ripoti ikitoka nje ya ofisi, ondoa majina na namba za simu za wachangiaji, ukikumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019.

Mistari itakayobaki na NULL, yaani bila thamani yoyote, kwenye safu ya ukaguzi ichape peke yake na umkabidhi mratibu wa safari, ili visima hivyo vifikiwe kabla mvua hazijaharibu njia.