Kwa uliyefika mlangoni pa mkutano wa AA mara mbili ukageuka

Mkuu, umesema anwani ya mkutano wa AA (Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe) unayo, umefika mpaka mlangoni mara mbili ukarudi nyumbani, na sasa unauliza kama kuna kundi lingine ambalo ni rahisi kuingia. Nina miaka 6 sijaonja pombe. Mimi niligeuka mara tatu, kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa kirefu.

Kabla ya mlango kuna jambo moja. Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate ya kutoa arosto, usikate pombe ghafla ukiwa peke yako. Muone daktari kwanza. Mimi nilijifungia chumbani nikidhani ni suala la kujikaza tu. Siku ya pili nikashikwa na degedege. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla huanza kutetemeka baada ya saa chache, degedege huweza kuja ndani ya siku 2 za mwanzo, na kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo mara nyingi hufuata kati ya siku ya 2 na ya 4. Watu wanakufa kwa hilo. Mkutano si mahali pa kulitibu.

Kutafuta kundi si kazi kubwa. Tovuti ya Alcoholics Anonymous ina mawasiliano ya nchi nyingi. Ila piga simu kabla ya kwenda, maana ukumbi huhama na saa hubadilika huku orodha ikibaki ya zamani. Nimewahi kusafiri nikakuta kufuli. Ukikosa namba, uliza kitengo cha afya ya akili hospitalini au nyumba za kuwasaidia waraibu. Na kama karibu nawe hakuna kabisa, mtandaoni kuna mikutano mchana na usiku, na unaweza kuzima kamera ukasikiliza. Uliza pia kama mkutano ni wa wazi, ambao yeyote anaruhusiwa, au wa kufungwa, wa wenye shida ya pombe tu. Kwa hofu yako ningeanza na wa wazi.

Sasa huo mlango. Najua unachoogopa: kwamba utasimamishwa mbele ujieleze. Haiko hivyo. Mtu mmoja anafungua kwa kusoma maneno machache, mwingine anasimulia yaliyompata, kisha wengine wanazungumza mmoja mmoja bila kukatizwa. Zamu ikikufikia sema, "Leo nasikiliza tu," na inatosha. Jina la kwanza linatosha pia. Kiingilio hakuna, kuna kapu la mchango linalopitishwa, na mgeni asipotia kitu hakuna anayemtazama vibaya. Sharti la kuwa mwanachama ni moja, uwe na nia ya kuacha kunywa. Mambo ya Mungu utayasikia kwenye zile hatua 12 ambazo AA hufuata katika kuacha pombe, lakini kila mtu anamwelewa kwa namna yake. Yakikushinda kabisa, yapo makundi yasiyotumia hatua hizo, kama SMART Recovery.

Siku yangu ya kwanza, mzee mmoja alinitazama mikono, akanimiminia chai nusu kikombe. Wenzangu wote walikuwa na vikombe vilivyojaa. Baadaye ndipo nikaelewa: alitaka nisimwage mbele za watu. Hakusema neno. Nikarudi wiki iliyofuata kwa sababu ya kile kikombe.

Na hapa ndipo penye jibu la swali lako. Rahisi au gumu, kundi utalijua kwa zile dakika za baada ya mkutano, watu wanapobaki kukunja viti na kuzungumza. Mimi miezi miwili ya mwanzo nilikuwa natoka mbio mara tu tukimaliza, na nikarudia pombe nikiwa bado nahudhuria kila wiki. Nilikuwa na hadithi za watu kichwani, lakini sina namba ya hata mmoja wao. Safari ya pili nilibaki, nikaomba namba tatu, na usiku wa Ijumaa koo lilipowasha nikapiga. AA yenyewe ilianza hivyo: mwaka 1935 Bill Wilson, biashara yake imeharibika, akiwa hotelini Akron, Marekani, alisikia kelele za baa akakimbilia simu kutafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye. Akaunganishwa na daktari mpasuaji, Bob Smith, na wawili hao ndio waanzilishi.

Jaribu makundi matatu au manne kabla ya kuamua. Langu la kwanza halikunifaa, na halikuwa baya. Lakini ondoka haraka palipo na mtu anayekukopa fedha, anayekutongoza wiki ya kwanza, au anayekuambia utupe dawa ulizoandikiwa na daktari. Na mkeo, kwa kuwa umemtaja, mwambie kuna Al-Anon kwa ajili ya familia. Anahitaji pa kusemea yake, hata kama wewe bado hujaingia.

Mara ya tatu usifike saa ileile ya kuanza, wakati wote wameshakaa na macho yao yote yapo mlangoni. Fika dakika 15 kabla. Utamkuta mtu mmoja anapanga viti. Mwambie ni mara yako ya kwanza, halafu msaidie kuvipanga.