Unatoka jeshini? Panga pa kulala kwanza

"Kaka, natoka jeshini karibuni na mke wangu amesharudi kwao. Nianzie wapi?" Ujumbe huu umenifikia kutoka kwa kijana wetu aliyeko Texas, na umenitonesha.

Mimi nilitoka Jeshi la Marekani kifua mbele. DD-214 yangu, ile karatasi ya kuachishwa, ilisema "kwa heshima". Ndoa ikavunjika, madeni yakameza akiba, nikawa nalala garini. Ndugu yangu mwenye nyumba ya vyumba vinne akaniambia ana wageni. Wageni mwaka mzima! Nimemsamehe, ila harusi ya bintiye sikwenda. Miezi ile siisimulii. Leo nina funguo zangu, na mkataba wa nyumba una jina langu.

Watu hudhani ni vita vinavyomtupa askari barabarani. Tafiti za Marekani hutanguliza mengine: pombe na dawa za kulevya, maradhi ya akili, kipato kidogo. Halafu upweke, kuwahi kufungwa, na kuachishwa kwa utovu wa nidhamu. Tena wengi huanguka miaka mingi baada ya kuvua sare, wakati hakuna tena anayewauliza hali. Kwangu pombe haikuwepo, upweke ulitosha.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usijifungie. Tafuta watu. Nasema tena, tafuta watu, hata kama wa damu yako wamekufungia mlango. Chupa iache. Usiku ukikukosesha usingizi, mwone daktari, uache huo ujasiri wa kambini.

Na karatasi yako isome neno kwa neno. Kama hukuachishwa kwa heshima, misaada mingi yaweza kukupita, lakini una miaka 15 ya kuiomba bodi ya jeshi iipitie upya. Usione haya kuomba! Vocha za HUD-VASH, za serikali kwa maveterani (askari wa zamani) wasio na makazi, hulipia sehemu ya kodi ya nyumba na kukupa mhudumu wa kufuatilia hali yako. Maveterani waliohesabiwa bila makazi Januari 2010 walizidi 74,000. Januari 2024 hawakufika 33,000. Waliotoka barabarani hawakuokolewa na kiburi.

Usingoje ufike garini kama mimi. Idara ya maveterani ina namba, 1-877-424-3838, inapokelewa saa 24, na inamhudumia hata ambaye bado ana paa ila kodi imeanza kumshinda. Piga kabla mwenye nyumba hajakupa notisi, na DD-214 iwe mkononi.