Barua kwa mwanangu kuhusu wadakaji wanaoiba beisi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, nasi hapa nyumbani hatujambo. Umeniuliza kama J.T. Realmuto wa Philadelphia, aliyeiba beisi 21 mwaka 2022, yaani alikimbilia kituo kinachofuata uwanjani bila kungoja mpira upigwe, na kukamatwa mara moja tu, ndiye mwizi hodari kuliko wadakaji wote waliopata kucheza besiboli. Mimi ningependa zaidi uniulize ni nani aliyeiba huku akijua gharama yake, kwa maana mdakaji, mtu anayechuchumaa nyuma ya mpigaji mchezo mzima, siku baada ya siku, kuudaka mpira wa mrushaji, hana magoti ya kuchezea. Houston walimwondoa Craig Biggio katika udakaji mwaka 1992 wakampeleka beisi ya pili, akamaliza na beisi 414 za wizi, huyo simhesabu.

Nilikwambia tangu u mdogo, wala sichoki kurudia, kwamba mdakaji huiba kwa macho kabla ya miguu. Kazi yake ni kuwazuia wezi wa upande wa pili, kwa hiyo naye akifika beisi ya kwanza hutambua ni lini mrushaji amemsahau na ni mpira upi utakaochelewa kufika. John Wathan wa Kansas City aliiba 36 mwaka 1982, ingawa alivunjika kifundo cha mguu msimu huo huo, akaipita rekodi ya Ray Schalk ya beisi 30 iliyodumu tangu 1916. Hayo ni macho, mwanangu.

Lakini hapo najipinga mwenyewe, kwa sababu Jason Kendall wa Pittsburgh alikuwa na miguu kweli kweli. Tarehe 4 Julai 1999, siku ile mjomba wako alipotununulia tiketi, Kendall alikuwa ameshaiba 22 na msimu haujafika hata katikati. Akausukuma mpira taratibu kwa gongo, akatimua mbio kuelekea beisi ya kwanza, akaikanyaga vibaya, kifundo cha mguu wa kulia kikateguka na mfupa ukatokeza nje. Mama yako alikufunika macho kwa mtandio. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba hakuwa hata anaiba, alikuwa anakimbia tu kama mpigaji yeyote. Tena mjomba wako, kabla machela haijafika, akatamka kwa sauti kwamba huyo amekwisha. Mwaka uliofuata Kendall alirudi kuchuchumaa pale pale, akaiba 22 tena, na hadi anastaafu alikuwa amefikisha 189. Shemeji yangu hajalitaja jambo hilo tangu wakati huo.

Ukinibana nitaje jina moja, ulimi unaniwasha kusema Kendall. Hata hivyo, Realmuto kukamatwa mara moja katika majaribio 22 si jambo la kupuuzwa, na Wathan naye ana 36 zake ambazo hakuna mdakaji aliyezifikia katika msimu mmoja wa zama hizi, basi sitasema. Mwulize mjomba wako, kisha uniandikie neno kwa neno atakachojibu.

Ni mimi baba yako.