Maswali ya uwanja: ngazi kwanza, paa baadaye

Wanaouliza ni wasomaji wa mitaa ya Lubumbashi, Kongo; jina la mtaa limetangulia kila swali.

Msomaji wa Katuba: Lubumbashi ikijengewa uwanja mpya, kwa nini usiwe wa watu 50,000?

Hesabu huanzia kwenye njia za kutokea, si kwenye viti. Mwongozo wa usalama wa viwanja wa Uingereza unataka watu wawe wametoka jukwaani ndani ya dakika 8, zisizidi. Kwenye ngazi, kila mita 1 ya upana hupitisha watu 66 kwa dakika. Basi ngazi ya mita 2 inatoa watu 1,056 kwa dakika hizo 8, na jukwaa la watu 5,000 linadai ngazi 5 za namna hiyo, zote wazi. Ukijenga 3, una jukwaa la watu 3,000 na kitu, hata ukipanga viti 10,000. Mtu akikutajia idadi ya viti, muulize upana wa ngazi.

Kampemba: Nikikaa nyuma naona visogo tu.

Jukwaa lenu lina mwinuko mmoja toka chini hadi juu. Mstari kutoka jicho lako hadi ukingo wa karibu wa kiwanja unatakiwa upite sentimita 9 hivi juu ya jicho la aliye mbele yako, 6 kwa uchache. Kwa hiyo safu zikirudi nyuma, vidato huongezwa kimo. Fundi anayemwaga zege kwa kibao kilekile mwanzo hadi mwisho amewaibia watazamaji.

Ruashi: Mechi ikianza, milango si ipigwe kufuli wasio na tiketi wasipenye?

Hapana! Swali hili linarudi kila mara, na linanikera kwa sababu limeshaua. Accra, tarehe 9 Mei 2001, polisi walirusha mabomu ya machozi, watu wakakimbilia milango wakaikuta imefungwa. Walikufa zaidi ya 120. Yaoundé, Januari 2022, walikufa 8 kwenye lango la uwanja wa Olembé lililopaswa kuwa wazi. Wasio na tiketi wazuiwe mbali, kwenye uzio wa nje. Mlango wa kutokea ufunguke kuelekea nje, uwe na mlinzi wake hadi mtu wa mwisho atoke, na mama muuza maji asiweke meza pale. Ukikuta mnyororo, mwite msimamizi kabla ya filimbi. Asipokuja, chukua watoto mrudi nyumbani.

Kamalondo: Nyasi bandia zafaa?

Kwa mvua zetu, ndiyo, kama mifereji ya chini inapitisha maji. Jua la Oktoba huzichemsha, zinyunyizieni kabla ya mechi.

Kenya (mtaa, si nchi): Na paa la kufunika kila jukwaa?

Mkishamaliza ngazi.