Sungura Walinipa Kazi, Ng'ombe Ndio Wanaonilisha

Sungura wangu wa kwanza nilimuua mwenyewe. Nilikuwa S.2, yaani kidato cha pili, tunakaa Bombo, Uganda, na jike langu Zuhura akaanza kutoa kamasi puani. Kaka yangu alikuwa amebakiza vidonge vya amoksilini. Nikafungua kimoja, nikakoroga unga wake kwenye maji, nikamnywesha kwa bomba la sindano. Siku ya tatu anaharisha maji matupu, siku ya nne nikamzika nyuma ya choo. Miaka baadaye, chuoni, mwalimu akataja kwa kupita tu kwamba dawa hiyo ikipitia mdomoni mwa sungura huua vijidudu vyema vya tumboni, vibaya vikashamiri na kumwaga sumu. Darasa zima likaandika. Mimi kalamu iligoma.

Kwa hiyo kijana akiniuliza, "Dada, napenda sana sungura, nitapataje kazi ya kutibu wanyama?" simsifii mapenzi yake. Hata mimi nilimpenda Zuhura nilipokuwa nakoroga ile dawa. Namwambia anunue daftari.

Sungura ni mnyama anayewindwa, na anayewindwa haonyeshi ugonjwa. Mbwa atalia, mbuzi atalalama, sungura atakaa kimya kwenye kona ya banda mpaka umkute amekauka. Habari zake ziko kwenye kinyesi. Kila asubuhi angalia: vidonge ni vikubwa kama jana? Vimepungua? Ametafuna nyasi au amezikanyaga tu? Sungura aliyeacha kula nusu siku ni mgonjwa wa dharura, maana tumbo lake likisimama halijiwashi lenyewe. Andika tarehe jike alipopandishwa, uhesabu siku 31 hivi mpaka azae. Andika siku alipoanza kujinyonyoa manyoya ya kifua kutandikia kiota. Na usije ukawanyang'anya vitoto ukidhani mama amewatelekeza. Ananyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika chache tu, kisha anawaacha. Nimeona watu wakiua kizazi kizima kwa maziwa ya ng'ombe, kwa huruma tu.

Daftari langu ndilo lililonifungulia mlango. Nilipomwomba daktari wa mifugo wa eneo letu nimfuate wakati wa likizo, alicheka, akasema hana posho ya kunipa. Akalifungua, akasoma kurasa mbili, akaniambia nije kesho na gambuti.

Gambuti! Hapo ndipo ndoto ya sungura inapokutana na matope. Wiki ile sikuona sungura hata mmoja. Nilishika mkia wa ng'ombe huku daktari ameingiza mkono mpaka begani akipima mimba, nikashika nguruwe miguu ya nyuma wakihasiwa, nikanuka mpaka mama akanizuia mlangoni. Watu wanaolipa bili hapa kwetu ni wenye ng'ombe wa maziwa, kuku na nguruwe, na Kampala wenye mbwa wa ulinzi. Mwenye sungura wengi mara nyingi anafuga wa nyama, na atakuuliza dawa uliyotoa itachukua siku ngapi kuisha mwilini kabla hajachinja. Kama swali hilo linakutoa machozi, bora ujue mapema.

Upande wa shule, usikimbie baiolojia na kemia. Ukitaka kuwa daktari kamili, shahada ya Makerere ni miaka 5 na ushindani ni mkali. Kama alama au ada hazifiki huko, ziko diploma: Bukalasa pale karibu na Wobulenzi, au Arapai kule Soroti chini ya Chuo Kikuu cha Busitema. Ila uliza swali moja kabla hujalipa: kozi hii inanifundisha kufuga au inaniruhusu kutibu? Wenzangu wawili waligundua tofauti hiyo mwaka wa mwisho. Kama moyo wako uko kwa wanyamapori, kituo cha Entebbe hupokea wanaojitolea. Na kabla hujaanza kushika mbwa wa watu, chanjwa wewe mwenyewe dhidi ya kichaa cha mbwa. Hili sibembelezi mtu.

Juzi binti wa S.3 alishuka kwenye bodaboda na boksi la sabuni mikononi. Ndani kuna sungura, masikio yamejaa magamba ya utitiri. Alimtoa vizuri, mkono mmoja kifuani, mwingine umebeba makalio, maana sungura akipiga teke hewani anaweza kujivunja mgongo. Kisha akachomoa mfukoni kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne.

"Nimeleta na kinyesi, dada. Hiki cha jana, hiki cha leo."

Nimemwambia likizo ikianza aje, na gambuti.