Kelele za karakana na masikio yetu, vijana someni hii kabla hamjazoea

Watu wa kazi za mashine tunaogopa sana macho na vidole. Pita Keko huku Dar kwenye karakana za samani utaona fundi kavaa miwani, mwingine kajifunga kitambaa puani kwa ajili ya vumbi, ila mwenye kitu masikioni ni wa kutafuta. Na naelewa kwa nini, kidole kikikatwa damu inaruka na kila mtu anakimbia, sikio likiharibika halitoi damu wala haliumi, we unaendelea kupiga randa kama kawaida. Mi nimefanya kazi ya mbao miaka mingi na sikio langu la kushoto limeshapungua, ndo upande mashine ilipokaa. Kwa hiyo naongea na vijana wanaoingia kwenye hizi kazi, wa mbao, wa grenda, wa mashine za kusaga na kukoboa, na nyie mnaopiga mziki kwenye vigodoro pia.

Kwanza mjue sauti inapita wapi. Sauti ni hewa inayotikisika, inaingia kwenye tundu la sikio inapiga ngoma ya sikio, ngoma inatikisa vifupa vitatu vilivyoshikana, nyundo, fuawe na kikuku, na hicho kikuku ndo mfupa mdogo kuliko yote mwilini, kama milimita 3 tu. Kazi ya hivyo vifupa ni kuuongezea mtikisiko nguvu kwa sababu ng'ambo ya pili kuna maji, na hewa peke yake haiwezi kuyasukuma maji hivihivi. Hayo maji yako ndani ya koklea, kamfereji kalikojiviringisha kama mara mbili na nusu, na humo zimepangwa seli zenye vinyweleo. Maji yakicheza vinyweleo vinapinda, seli inatuma ishara ya umeme kwenye neva, ubongo ndo unakwambia hii sauti ya mama, hii honi ya daladala. Na kila sehemu ina sauti yake, mlangoni mwa koklea zinasikika sauti nyembamba, ndani kabisa zile nzito.

Sasa hizo seli ni kama 15,000 tu kwa kila sikio. Ndo mtaji wote uliozaliwa nao. Kuku akipoteza za kwake anaota mpya, wanasayansi walishaliona hilo tangu miaka ya 1980, binadamu haoti. Ikifa imekufa.

Kelele inaziua kwa ukubwa wake na kwa muda. Ukubwa wa sauti unapimwa kwa desibeli, na kikomo kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa masaa 8, na kila ukiongeza desibeli 3 nguvu ya sauti inakuwa mara mbili kwa hiyo muda wako unakatwa nusu, 88 ni masaa 4, 91 ni masaa 2, ukifika 100 una dakika 15 tu za siku nzima. Randa ya umeme na msumeno wa mviringo mara nyingi vinacheza kwenye 95 mpaka 100 na zaidi, sasa piga hesabu mwenyewe fundi anasimama pale kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kama huna kipimo tumia hii: mtu amesimama umbali wa mkono wako na inabidi upaze sauti ndo akusikie, basi hapo pamezidi.

Kinachotudanganya wengi ni kwamba jioni unatoka masikio yameziba, yanalia nziiii, unalala, asubuhi yako sawa. Unajiambia yamepona. Ukweli ni kwamba utafiti uliofanywa kwa panya na kuchapishwa 2009 ulionyesha kwamba hata usikivu ukirudi kawaida kwenye kipimo, zile sehemu seli inapoungana na neva nyingi zinakuwa zimeshakatika na hazirudi. Huo mlio wa jioni usiuchukulie poa hata kidogo.

Mi nilienda kupima hospitali kwenye kitengo cha masikio, pua na koo. Unaingizwa kwenye kachumba kadogo kasikopitisha sauti, unavalishwa hedifoni, unapewa kitufe, ukisikia mlio hata ule wa mbali kabisa unabonyeza. Baadae nikaonyeshwa grafu. Sikio la kulia mstari umelala vizuri, la kushoto unaenda vizuri alafu ukifika 4,000 Hz (yani mitikisiko 4,000 kwa sekunde, sauti nyembamba) unadondoka, kisha unapanda kidogo. Mtaalamu akaniuliza moja kwa moja, wewe unafanya kazi kwenye kelele eeh? Tundu la sikio lenyewe lilivyoumbwa linakuza zaidi sauti za karibu 3,000 Hz, kwa hiyo eneo la juu kidogo ya hapo ndo linapigwa kwanza, na ule mdondoko karibu na 4,000 ni alama ya kelele inayojulikana dunia nzima.

Na hapo ndo mambo ya nyumbani yanapoanza, maana irabu, yani a, e, i, o, u, ni sauti nzito na zina nguvu, unazisikia vizuri tu, zinazopotea ni s, f, t, sh, k. Yani unasikia mtu anaongea ila huelewi anasema nini. Mteja anasema nakuja saa sita, mi nasikia tisa, zote zina i na a, s na t zimepotea, unabahatisha. Shika, fika, pika, zote zinakuwa kitu kimoja. Mzee akiwa na hali hii watu wanasema ana dharau, au anasikia anachotaka, jamani hapana, anapata nusu ya neno.

Cha kufanya. Nunua plagi za masikio za sponji, ni bei ndogo, uzivae sawasawa: isokote iwe nyembamba, mkono mwingine upite nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia mpaka ivimbe. Ukiichomeka nje nje haisaidii. Pamba na tishu hazizuii kitu cha maana. Kwenye msumeno mi navaa na zile za kufunika sikio zima, juu ya plagi. Noa visu na misumeno pia, kisu butu kinapiga kelele zaidi, na chini ya mashine weka mpira.

Earphone kwenye daladala nazo ni shida, injini inanguruma unapandisha sauti kuishinda. Shirika la Afya Duniani linasema vijana zaidi ya bilioni 1 wako hatarini kwa usikilizaji wa namna hii. Na acheni njiti za kiberiti masikioni, nta ina kazi yake ya kulinda. Mtoto anayetoka usaha usimtilie mafuta, mpeleke hospitali. Dawa nazo, aliyewahi kumeza kwinini anajua ule mlio, ule kawaida unaisha, ila gentamaisini na streptomaisini zinaweza kuharibu kabisa, kwa hiyo ukiwa unachomwa hizo sindano ukasikia mlio au kizunguzungu mwambie daktari hapohapo. Na sikio likizima ghafla, leo linasikia kesho halisikii, usisubiri wiki, dawa zake zinasaidia zikianza mapema.

Kwa aliyeshapungukiwa kuna shimesikio, kale kakifaa ka kuvaa sikioni kanakokuza sauti, na kwa waliopoteza kabisa hospitali ya Muhimbili wanapandikiza vifaa vya kusikia tangu 2017. Shimesikio usilitupe kabatini wiki ya kwanza eti linapiga kelele, ubongo ulishasahau sauti ya maji bombani na ya ufagio, anza nalo ndani kwenye utulivu, masaa machache, ndo uende nalo sokoni. Na nyie mnaokaa na mtu wa hivi, msimpigie kelele, kelele inaongeza irabu tu. Zima redio, mkae uso kwa uso aone midomo, na akisema sijasikia badilisha maneno badala ya kurudia lilelile.