Vipima unyevu shambani: nunua viwili, na kile cha chini ndicho ukisikilize

Kama mfukoni una pesa ya kipima unyevu kimoja tu, ushauri wangu ni usinunue kwanza. Subiri zitimie za viwili, kimoja ukifukie juujuu na kingine chini zaidi. Nikipita mashamba ya huku kwetu Bagamoyo, kuanzia Kerege na Zinga mpaka Makurunge, nakuta mtu kachomeka kimoja juu ya tuta, anasoma namba kila siku, na bado anamwagilia vilevile alivyomwagilia miaka yote. Kimoja kitakwambia lini ufungue maji. Lini ufunge hakikwambii, na kwa sisi wa pwani wenye udongo wa kichanga, pesa nyingi inapotelea hapo kwenye kufunga.

Mimi nalima nyanya, hoho na tikiti. Maji ni ya kisima, pampu ni ya petroli, na shambani nimetandaza mipira ya matone. Nayaandika haya kwa mkulima wa namna hiyo. Mwenye jaruba la mpunga bondeni ana mambo yake mengine kabisa.

Kuhusu aina sitakuchosha. Ninayoipenda ni tensiomita, ingawa ni ya kizamani. Ni bomba lililojazwa maji, chini lina ncha ya kigae chenye vinyweleo, juu lina geji. Udongo ukikauka unavuta maji kupitia ile ncha, na geji inaonyesha unavuta kwa nguvu gani, kwa kipimo cha sentibari. Maana yake husomi ardhini mna maji kiasi gani. Unasoma mzizi unalazimika kuhangaika kiasi gani ili unywe. Sifuri ni udongo uliolowa chepechepe. Namba ikipanda, mmea unateseka. Haitaki betri wala bando. Ubaya wake ikikaribia 80 hewa inaingia ndani, geji inadanganya, inabidi uijaze upya.

Vipo vingine vyenye jasi ndani na nyaya mbili, unavisoma kwa mita ya mkononi. Hivi vinavumilia ukavu kuliko tensiomita. Wa-Australia wa taasisi ya CSIRO wametengeneza chombo cha aina hiyo wakakiita Chameleon, na badala ya namba kinawasha taa: buluu udongo umelowa, kijani uko sawa, nyekundu umekauka. Wakulima wa skimu ya umwagiliaji ya Kiwere, Iringa, walikipata kupitia mradi ulioanza 2013. Wengi waligundua walikuwa wakimwagilia kupita kiasi, wakapunguza, na mavuno yakapanda. Kwa mzee asiyetaka habari za namba, rangi tatu zinamtosha kabisa.

Halafu kuna vile vya bei rahisi vinavyouzwa na mafundi wa elektroniki, vya kuunga na simu. Vyenye vyuma viwili vilivyo wazi achana navyo, umeme unavila vile vyuma na kutu inamaliza kazi kabla ya msimu kwisha. Vilivyofunikwa ni afadhali, ila hakikisha kingo na sehemu ya juu yenye saketi zimezibwa kwa rangi ya kucha au gundi isiyopitisha maji. Tena namba zake hazina maana yoyote mpaka umezilinganisha na udongo wako mwenyewe. Nitaeleza jinsi ya kufanya.

Sasa kufunga. Hapa ndipo sitaki haraka, maana kipima ghali kilichofungwa vibaya ni sawa na kutokuwa nacho. Tensiomita na vile vya jasi vilowekwe usiku kucha kwenye ndoo ya maji kabla ya kufungwa. Maji ya kujazia tensiomita yachemshwe, yapoe, ndipo yamiminwe taratibu. Lengo ni kutoa hewa, kwa sababu kila kiputo kilichobaki kitaharibu usomaji. Ile ncha ya kigae usiishikeshike, mafuta ya vidole yanaziba vinyweleo.

Shimo toboa kwa kipande cha bomba la chuma lenye unene unaozidi kipima kidogo tu. Udongo unaotoka uupange kwenye kiroba kwa mpangilio uliotoka, wa juu kando, wa chini kando. Chukua ule wa chini kabisa, toa mawe na mizizi, koroga na maji upate tope zito kama uji wa lishe. Mimina kidogo shimoni, kisha shusha kipima taratibu mpaka usikie kimezama ndani ya tope. Usigongelee kwa nyundo. Halafu rudisha udongo, wa chini ukitangulia, ukishindilia kwa kijiti kila baada ya viganja viwili vitatu. Juu kabisa weka kichuguu kidogo kuzunguka bomba ili maji yasipate njia ya kuteremka kandokando yake. Ikibaki nafasi ya hewa hata ya unene wa msumari, kipima kitakwambia shamba limekauka wakati miche inazama.

Kina? Mimi natumia vipimo vya wazee: kile cha juu shubiri moja, cha chini dhiraa moja. Kwa sentimita ni kama 20 na 45. Kwa nyanya na hoho mizizi mingi inayofanya kazi imo humo kati ya hivyo viwili na juu yake. Viweke kwenye mstari wenye miche ya kawaida, si pembeni mwa shamba ambako upepo unakausha mapema, wala si pale panapotuama maji. Kutoka tundu la mpira acha kama sentimita 10 hadi 15, upande wa mche. Simika mti mrefu wenye kitambaa chekundu hapo hapo. Vibarua wa palizi hawana muda wa kukumbuka maelekezo yako, na jembe halichagui. Nyaya zipitishe ndani ya kipande cha mpira, panya buku wanazipenda mno.

Ukishafunga, mwagilia eneo lile mpaka lilowe sana, funika kwa turubai jua lisichukue maji, uache. Kwenye kichanga subiri siku moja, kwenye mfinyanzi mbili au tatu. Namba utakayoikuta ndiyo udongo wako ulioshiba, yaani maji ya ziada yameshashuka na yaliyobaki ni ya mmea. Iandike ukutani. Kwa vile vya bei rahisi huu ndio mwanzo wa kuvielewa. Kisha kila unapotaka kumwagilia chukua konzi ya udongo wa kina kile kile, ufinyange, uone namba gani inaendana na udongo unaoshikana na ipi na unaomwagika vidoleni. Kwa tensiomita, mimi kwenye kichanga nafungua maji ikifika kati ya 15 na 25. Udongo tifutifu unaweza kungoja 30 hadi 50, mfinyanzi zaidi kidogo. Soma alfajiri, saa ile ile kila siku, kabla jua halijapanda.

Nije kwenye kile cha chini. Kuna mama mmoja jirani yangu, analima bilinganya. Alikuwa anawasha pampu mara moja kwa siku mbili na kuiacha inguruma asubuhi nzima, "udongo ushibe". Majani yalikuwa na unjano usiokwisha, na kila akiweka urea yanarudi kijani siku chache tu, halafu njano tena. Tulipomfungia vipima, siku anayotakiwa kumwagilia cha juu kilisoma 28, cha chini 9.

"Mwanangu, mbona juu pamekauka na chini mbichi hivi?"

"Mama, maji yanapita mizizi yanakwenda zake. Na urea yako imo humo humo."

Kichanga hakina pa kuweka maji mengi kwa mpigo. Ukikipa ya asubuhi nzima, kinashika kidogo na mengine yote yanashuka, yakibeba mbolea. Tukagawa: kila siku kidogo asubuhi, kidogo jioni, na kufunga mara namba ya cha chini inapoanza kuteremka. Petroli ilipungua, na urea ikaanza kukaa kwenye mmea ilipokusudiwa. Kanuni ninayoitumia ni kwamba cha juu kinanipangia siku, cha chini kinanipangia muda. Cha chini kikiwa kimelowa siku zote, napunguza dakika. Kikipanda wiki baada ya wiki ingawa namwagilia, maji hayakifikii, naongeza. Kinatakiwa kicheze polepole, bila kuganda sehemu moja. Kipindi cha kaskazi, Januari na Februari, jua likiwa kali na matunda yanajaa, utaona cha juu kinapanda kwa siku moja kiasi ambacho mwezi wa sita kingechukua siku kadhaa. Ratiba ya kukariri haifai hapo. Nyanya zinazoyumbishwa kati ya kiu na mafuriko ndizo zinazooza kitako.

Chumvi nayo usiisahau. Bagamoyo hii hii ndiyo inayovuna chumvi Nunge, na visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya magadi au chumvi. Vipima vya umeme vikikutana na udongo wenye chumvi vinaonyesha unyevu mwingi kuliko uliopo. Tensiomita haidanganyiki namna hiyo, lakini ina upofu wake: chumvi inaufanya mmea ushindwe kunywa maji yaliyopo, na geji haioni hilo. Ukiona miche inanyauka mchana, kingo za majani zimeungua, na vipima vinasema kumelowa, usikimbilie kulaumu kipima wala kupunguza maji. Pima maji ya kisima kwa kijimita cha chumvi. Yakiwa na chumvi, mara mojamoja itabidi uruhusu maji yapite mizizi kwa makusudi, ili yaisukume chini. Hapo kile cha chini kikilowa ni sawa.

Kwa wenzangu wa bonde la Ruvu wenye udongo mweusi: ukikauka unapasuka, na ufa ukipita penye kipima unakitenga na udongo. Matandazo ya nyasi yanasaidia sana, na ukiona ufa ujaze tope mapema.

Mambo ya kuunga kipima na valvu ili maji yajifungulie yenyewe, mimi ningeyaacha mpaka umesoma kwa macho msimu mzima. Mashine haijui kwamba tundu limeziba au mpira umetobolewa na ndege. Wewe ukizunguka asubuhi na daftari utaliona.

Mavuno yakiisha, ng'oa vipima kabla trekta haijaingia. Tensiomita imwage maji, ioshe ncha kwa maji matupu bila sabuni, ikauke kivulini. Vya jasi vioshe, vikauke, na msimu ujao vipime kwanza ndani ya ndoo ya maji: kinachogoma kushuka karibu na sifuri kimekwisha, kitupe.